Nilipita Mosoriot mara nne na sikujua

Wasee, kwanza niombe radhi. Mwaka jana niliweka video nikasema ukitaka kuingia kwa kazi za dawa na afya za kidijitali, jifunze kuandika kodi wiki sita, tengeneza programu ya kuuza dawa kwa simu, basi, doh itakutafuta yenyewe. Hiyo video iliangaliwa kuliko zote nimewahi kuweka. Wiki tatu zilizopita jamaa mmoja wa Thika akaniandikia. Alilipa shilingi 38,000 kwa kozi fulani ya mtandaoni kwa sababu ya maneno yangu. Alipewa cheti cha PDF. Kila mahali anapeleka hicho cheti anaulizwa swali moja: umewahi kufanya kazi kwa kliniki? Hakunitusi, na afadhali angenitusi. Aliuliza tu, "Sasa nifanye nini?"

Sikuwa na jibu, nikaanza kusoma hii kazi ilitoka wapi. Nimegundua niliwadanganya. Si kwa kutaka, lakini uongo ni uongo.

Wacha nianze na shosho, juu bila yeye nisingeelewa chochote kati ya hivyo nilivyosoma.

Shosho anaishi Nyahururu na ana presha. Aprili mwaka jana alianguka jikoni. Alikuwa anaona giza akisimama, miguu imefura hadi viatu haviingii. Nilienda nikamwaga mfuko wake wa dawa mezani. Wenye mko na shosho mnaujua huo mfuko, ule wa plastiki wa kufungwa fundo mbili. Ndani kulikuwa na paketi mbili za tembe. Moja aliandikiwa kliniki ya karibu na kwake, nyingine alipewa mahali pengine alikopelekwa kuangaliwa goti, wakampima presha wakapata iko juu. Majina tofauti, rangi tofauti. Nikageuza nyuma nikasoma maandishi madogo. Amlodipine, miligramu 10. Ya pili, amlodipine, miligramu 10. Kwa siku nzima, 10 ndiyo kipimo cha juu kabisa. Shosho alikuwa anameza 20 kila asubuhi, wiki tano, bila kukosa hata siku moja.

"Shosho, hizi ni dawa moja."

"Hapana mami, hii ya pinki ni ya presha, hii nyeupe ni ya kufanya damu itembee."

Nilikuwa nimesoma famasi miaka miwili kabla karo inishinde niache chuo, kwa hivyo jina nililitambua. Na kitu ambacho hakijaniacha tangu siku hiyo ni kwamba hakuna mjinga hata mmoja kwa hii hadithi. Yule wa kliniki anaijua amlodipine kuniliko. Yule wa goti pia. Kile kila mmoja hakuwa nacho ni karatasi ya mwenzake.

Sasa, kuna daktari wa Marekani anaitwa Clement McDonald, ambaye alisema hivyo hivyo mwaka wa 1976. Alikuwa Indianapolis, kwa taasisi inaitwa Regenstrief. Hebu nitoke nje ya mada kidogo: Sam Regenstrief, mwenye pesa zilizoanzisha hiyo taasisi, alitajirika kwa kutengeneza mashine za kuosha vyombo. Mtu wa kiwanda. Alitaka hospitali ijifunze kupanga kazi venye kiwanda hupanga. Kwa hivyo hii taaluma mnayodhani ilizaliwa na vijana wa hudi na laptop, upande mmoja ililipiwa na sahani chafu za Wamarekani.

McDonald na wenzake walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta mwaka wa 1972. Halafu akajaribu kitu rahisi. Kabla daktari amwone mgonjwa, kompyuta inachapisha karatasi ya kumkumbusha: huyu anameza dawa hii, inahitaji kipimo fulani, huyu kipimo chake kimebadilika, angalia dawa. Vitu ambavyo kila daktari alifundishwa. Madaktari waliopewa vikumbusho walichukua hatua kwa asilimia 51 ya matukio. Bila vikumbusho, asilimia 22. Akaandika kwamba makosa mengi hayatokani na ujinga wa daktari. Yanatokana na vile binadamu hawezi kushika habari nyingi hivyo kichwani kwa wakati mmoja. Hata kwa kichwa cha hiyo ripoti aliweka kwamba binadamu hatawahi kuwa mkamilifu. Madaktari wengi hawapendi kuambiwa hivyo, na siwalaumu.

Karibu miaka hiyo hiyo, chuo cha Stanford huko California kulikuwa na mfumo unaitwa MEDIPHOR. Ulikuwa wa kuangalia dawa zinazogombana mwilini. Na hapa watu wa famasi msikize, juu ndani ya hilo jina refu lililofupishwa kuna neno famasi. Ulijengwa ukizunguka dirisha la dawa. Dawa ikiandikwa kwa mgonjwa wa wodini, inaingizwa kwenye kompyuta, kompyuta inailinganisha na zile tayari anatumia, na kukiwa na hatari inatoa onyo. Mmoja wa waliouongoza ni Stanley Cohen, yule yule ambaye mwaka wa 1973 na Herbert Boyer walikata na kuunganisha vipande vya DNA na kufungua mlango wa uhandisi wa jeni. Watu wanamkumbuka kwa hiyo ya DNA. Mimi na shosho tunamkumbuka kwa hii nyingine.

Lakini enyewe, onyo si kazi. Kompyuta yoyote inaweza kupiga kelele. Ukilala Umoja ama Pipeline unajua kengele ya gari: ikilia usiku wa kwanza unachungulia dirishani, wiki ya pili unageuka upande wa pili unaendelea kulala. Hospitalini ni vivyo hivyo. Mfumo ukionya kwa kila dawa mbili zinazokutana, daktari anabonyeza "endelea" bila kusoma, na siku onyo ni la kweli litapita pia. Lazima mtu akae chini aamue: hili ni la kusimamisha kila kitu, hili ni la kumwambia mgonjwa tu, hili litupwe. Huyo mtu lazima ajue dawa. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya mfamasia anayefanya kazi ya kidijitali, na kwa video yangu sikuitaja hata kwa sekunde moja.

Sasa turudi nyumbani. Nikiwa chuo, rumeti wangu alikuwa wa Kapsabet. Nilienda kwao mara mbili, kwa matatu kutoka Eldoret. Njiani unapita Mosoriot, kaunti ya Nandi. Kwenda na kurudi mara mbili, hiyo ni mara nne. Nilikuwa naangalia simu. Ningejua ningemwambia dereva anishushe, hata kama ni kusimama tu nje ya geti.

Mwezi wa pili mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutumia mfumo wa rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Fikiria 2001. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, na kijijini kuona simu ya mkono ilikuwa habari ya wiki. Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa na urafiki wa miaka na chuo cha Indiana, ambako Regenstrief iko. Kwa hivyo McDonald wa vikumbusho na kituo cha foleni ndefu pale Nandi wakakutana kwa njia hiyo. Profesa Joseph Rotich wa Moi, William Tierney wa Indiana na Terry Hannan, daktari wa Australia, ni baadhi ya majina utakayokutana nayo ukisoma.

Ilikuwa vipi kwa vitendo? Kompyuta mbili zilizounganishwa. Betri za akiba zinazochajiwa na sola, juu stima ilikuwa stima ya kijijini. Programu ya Microsoft Access, ile ya ofisi yoyote. Na fomu moja ya karatasi. Kabla ya hapo kila chumba kilikuwa na daftari lake: la usajili, la maabara, la dirisha la dawa, na hakuna daftari linalojua la mwenzake limeandikwa nini. Mwisho wa mwezi nesi anakaa na kalamu kuhesabu mistari ili ripoti iende wizarani. Walichofanya ni kumpa mgonjwa fomu moja aizunguke nayo, kila chumba kijaze sehemu yake, halafu karani aingize kila kitu kwenye kompyuta mgonjwa akitoka.

Soma tena hapo. Ujanja wenyewe ulikuwa fomu. Kompyuta ilikuja mwisho wa foleni. Mtu alilazimika kwanza kusimama pale na kuangalia karatasi zinapotelea wapi.

Na walipima, hii ndiyo napenda. Walifuata watu na saa mkononi kabla na baada. Ziara ya mgonjwa ilipungua kwa asilimia 22. Muda wa mhudumu kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58. Wafanyakazi pia walipata muda zaidi wa mambo yao binafsi, na watafiti wakaandika hivyo bila aibu kwa ripoti ya 2003. Chai ilinyweka. Lakini kuna kitu hapo kinanisumbua: wafanyakazi walitumia nusu tu ya muda waliokuwa wakitumia na wagonjwa. Hiyo ni ushindi ama hasara? Ukiuliza mwenye foleni, ni ushindi. Ukiuliza shosho, ambaye hupenda kuongea hadi nesi akajua majina ya wajukuu wote, sina uhakika. Sijaona mtu wa teknolojia akiuliza hilo swali kwa sauti.

Halafu ukimwi ukabadilisha hesabu yote. Mradi wa AMPATH ulianza Eldoret mwaka huo huo wa 2001, dawa za kupunguza makali zikafika, wagonjwa wakaongezeka hadi Access ikaanza kukohoa. Mwaka wa 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief walikuja Eldoret, wakaona kuikarabati haitasaidia, wakachora mfumo mpya. Wakaungana na Hamish Fraser, aliyekuwa akifanya kazi kama hiyo na shirika la Partners In Health, na Chris Seebregts wa Afrika Kusini. Huo ndio OpenMRS. Kodi yake ni ya bure, yeyote anaweza kuichukua na kuibadilisha. Mahali pa kwanza kabisa kutumika ni Eldoret, Februari 2006. Mwaka huo huo ukaingia Rwanda. Leo uko nchi nyingi, na KenyaEMR, ambayo vituo vingi vya serikali hapa vimetumia tangu 2012, imejengwa juu yake.

Moyo wa OpenMRS ni kamusi. Sifanyi mashairi, inaitwa kamusi kabisa, ya dhana. Kila kitu kinachoweza kuandikwa kuhusu mgonjwa, ugonjwa, kipimo, dawa, kinapewa namba yake moja. Mmoja aandike "presha", mwingine "haipatensheni", mwingine kwa Kifaransa kule Rwanda, chini namba ni moja. Dawa pia. Iite jina la kampuni, iite jina lake halisi, iwe ya pinki ama nyeupe, mfumo unaona kitu kimoja.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Tembe mbili za shosho zilikuwa namba moja. Kama kliniki yake na pale pa goti wangekuwa na kamusi moja na mahali pa kuonana, mashine ya kawaida tu ingeuliza, "Kwani mnampa mara mbili?" Na kamusi haijijazi. Kuna mtu, anayejua dawa, ambaye alikaa akaamua kipi ni kipi. Ukikosea mstari mmoja wa hiyo kamusi, umekosea kwa kila kituo kinachoitumia.

Kuna Mkenya anaitwa Martin Were, daktari na mtafiti wa hii taaluma, ambaye na wenzake walichukua wazo la McDonald wakalipeleka kliniki ya watoto wenye virusi vya ukimwi pale Eldoret. Kompyuta inachapisha muhtasari wa mtoto pamoja na vikumbusho: kipimo hiki kimechelewa, hiki bado. Matokeo yalitoka 2013. Bila vikumbusho, kazi zilizochelewa zilizokamilishwa ni asilimia 18. Na vikumbusho, asilimia 68. Na kumbuka ni karatasi iliyochapishwa, ndani ya faili. Hakukuwa na hata skrini mbele ya daktari.

Nairobi nayo ilikuwa na yake, na hii ndiyo nitaibeba hadi kaburini. Kati ya 2007 na 2009 watafiti walichukua wagonjwa 538 walioanza dawa za ukimwi katika kliniki tatu: Pumwani, hospitali ya Coptic, na Kajiado. Nusu wakawa wanatumiwa meseji moja kila wiki. Meseji ilisema: "Mambo?" Basi. Haikutaja dawa wala ugonjwa, juu simu inaweza kuonwa na mtu mwingine kejani. Ukijibu "Sawa", sawa. Ukijibu "Shida", ama ukinyamaza siku mbili, nesi anakupigia. Waliotumiwa "Mambo?" waliokunywa dawa sawasawa walikuwa asilimia 62, wale wengine asilimia 50. Jarida la Lancet lilichapisha mwaka wa 2010. Manze, neno moja. Programu kubwa za mamilioni ya dola zimekuja na kuondoka hapa mjini na hazijafikisha hapo. Lakini mwenye kuchagua hilo neno lazima awe anajua kwa nini mgonjwa wa Pumwani hawezi kutumiwa meseji inasema "kumbuka ARV zako". Hiyo haimo kwa kozi ya wiki sita.

Maduka ya dawa ya mtandaoni sitakaa nayo sana. Yapo, MYDAWA ilianza hapa 2017 na ikapata leseni. Kile sikuwaambia ni kwamba kuuza dawa Kenya kunaongozwa na sheria ya tangu 1957, na ile Bodi ya Famasi na Sumu haijali kama duka lako ni la mabati ama ni la intaneti. Lazima nyuma ya skrini kuwe na mtu aliyesajiliwa. Mimi, na miaka yangu miwili, siruhusiwi kukuuzia hizo tembe za shosho. Na ni sawa.

Kuna upande mchungu pia ambao wanaouza kozi hawataji. Historia hii yote unaona nani alilipa? Mashine za kuosha vyombo, halafu pesa za msaada za Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na watu wengi waliokuwa wakiingiza na kulinda data za wagonjwa kwa miradi ya ukimwi hapa Kenya walitumwa nyumbani. Watu wenye ujuzi wa miaka. Jirani yetu mmoja ni kati yao, sasa anauza mitumba Gikomba, na anakumbuka namba za kamusi kichwani kuliko bei za suruali. Kwa hivyo ukiniuliza kama hii ni kazi salama, nitakuambia bado haijapata mwenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka wa 2023, na kuna wakala umeundwa. Kuandika sheria ni kitu kimoja, na kumlipa karani wa Mosoriot kila tarehe 30 ni kitu kingine.

Sasa wewe wa Thika. Nilikujibu kwa inboksi lakini wacha wengine wasikie. Kodi unajua, usiitupe. Lakini kwa hii kazi kodi ni nusu ya pili. Kuna sheria ya 2016 ya wasimamizi wa rekodi na habari za afya, ina bodi yake, ni taaluma inayotambuliwa, na KMTC inafunza kutoka cheti hadi diploma. Kuna pia diploma ya teknolojia ya famasi, ambayo inakuweka dirishani pale dawa inapotoka. Kama huwezi karo yoyote sasa hivi, na najua hiyo hali, tafuta kituo cha afya karibu nawe, uombe kusaidia kupanga mafaili. Angalia karatasi inatoka wapi, inaenda wapi, inapotelea wapi. Hautalipwa, ama utalipwa chai. Sisemi ni haki. Lakini utakapoulizwa tena lile swali utakuwa na jibu.

Ile video nimeifuta jana. Ilikuwa inaniletea pesa kidogo kila mwezi, na mtu wangu wa karibu ameniambia nimefanya ujinga, ningeandika tu marekebisho chini. Labda.

Shosho sasa ana dawa moja ya presha, miguu imerudi. Nilimwandikia orodha kwa kadi ngumu: jina halisi la kila dawa, kipimo, nani alimpa, lini. Anaibeba ndani ya Biblia. Mwezi uliopita alienda kliniki akaitoa kabla hajaulizwa, na yule afisa aliichukua, akaisoma yote, akaanza kuingiza mstari kwa mstari kwenye kompyuta yake huku shosho akimsimulia kuhusu wajukuu.

Fomu ya KMTC iko hapa mezani, nimejaza hadi ukurasa wa pili. Mathe anataka nirudi nikamalize digrii. Deni la karo kule bado ni lile lile.